Janga likitufika Lamu, nani anafanya nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkazi wa mji wa Lamu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha huduma ya kwanza mitaani kwa kujitolea. Somo likiisha, watu hawaulizi tena habari za bendeji. Huuliza nani atakuja siku ya siku, atakuja na nini, na pesa za kazi hiyo ziko wapi. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila mara, pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanagusa uhai wa watu wetu moja kwa moja.

Kwani majanga si kazi ya serikali kuu?

Ni kazi ya serikali zote mbili, na hili halikuachwa liamuliwe na wanasiasa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaitaja kazi ya kudhibiti majanga mara mbili: mara moja kwenye orodha ya serikali ya kitaifa, na mara ya pili kwenye orodha ya kaunti, pamoja na huduma za zimamoto. Katika orodha hiyo hiyo ya kaunti mna hospitali na ambulensi, mitaro ya maji ya mvua, usafi wa mji, vivuko na magati.

Kwa hiyo nyumba ikishika moto, kaunti ndiyo yenye dhamana ya kwanza. Mgonjwa akihitaji kuvushwa kutoka Faza, kisiwani Pate, hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu usiku, hiyo ni kaunti. Polisi, jeshi, walinzi wa pwani, idara ya hali ya hewa na barabara kuu ya kutoka Garsen ni mambo ya serikali ya kitaifa. Mtu akikwambia "hilo si letu", muulize ni la nani, kisha mwambie akuonyeshe mlango wa kubisha.

Siku ya janga nani anatoa amri, gavana au kamishna?

Gavana anaongoza idara za kaunti: afya, zimamoto, maji, ujenzi. Kamishna wa kaunti anaratibu idara za serikali ya kitaifa, machifu wakiwemo, na ndiye mkono wa usalama. Inavyotakiwa, wakae meza moja tangu saa ya kwanza, pamoja na Msalaba Mwekundu. Wewe mwananchi huna haja ya kungoja wapatane. Mwarifu chifu au naibu wake, mwarifu na msimamizi wa wadi. Wote wawili, si mmoja.

Zamani kanjo ilikuwa na kazi hii pia?

Ilikuwa na sehemu yake, lakini bila nguvu nyingi. Hadi 2013 mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa na sauti, na mabaraza ya mji yalishughulika zaidi na taka, leseni na masoko. Kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikarithi majengo na wafanyakazi, zikaongezewa hospitali. Lamu ilipewa wadi 10, kuanzia Kiunga na Basuba huko juu hadi Witu na Bahari. Wadi hizo ndizo mahali pa kuanzia ukitaka jambo lifanyike.

Mji wetu hauna njia ya gari. Zimamoto watapita wapi?

Hili ndilo swali ninaloliulizwa kuliko yote, na nashukuru kwamba watu wanaliuliza.

Gari kubwa la zimamoto haliwezi kuingia ndani ya mji wa kale. Usita wa Mui wenyewe, ambao ndio njia kuu, punda wawili wenye shehena hupishana kwa shida. Vichochoro vya ndani ni vyembamba zaidi, na baadhi yake vimefunikwa juu na wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili kikivuka njia. Kuta zetu za mawe na chokaa hustahimili moto vizuri. Mashaka yako juu: dari ya boriti, paa la makuti, na cheche zinazorushwa na upepo wa kaskazi kutoka dari moja hadi nyingine. Moto hauna haja ya mlango ukiwa unaweza kupita wikioni.

Wazee wa Pate hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2009 moto ulipita Faza ukateketeza mamia ya nyumba, na familia nyingi zikabaki na nguo walizovaa tu.

Kwa mji kama huu, maandalizi ya kweli ni pampu ndogo zinazobebwa na watu wawili au kukokotwa kwa mkokoteni, mipira mirefu ya kuunganishwa, matangi ya maji ndani ya mitaa, na vijana waliofunzwa wanaoishi humo humo. Kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui: bahari yetu hupwa. Maji yakiwa yamejaa, pampu ikiwekwa ukutani pwani itavuta bila shida. Yakipwa, mbele ya ukuta kunabaki tope na mashua zilizolala ubavu. Mpango wa zimamoto usiosema maji yatatoka wapi wakati wa kupwa haujamalizika.

Nimeshuhudia moto mmoja kwa karibu sana. Pampu ilikuja, na sitamtaja aliyeileta, lakini mpira wake ulikuwa mfupi na haukuufikia moto. Kilichouokoa mtaa ule ni fundi mmoja wa makuti aliyepanda dari ya jirani, paa ambalo lilikuwa bado halijashika, akaanza kulifumua kwa mikono huku anawapigia kelele vijana wavute kutoka chini. Lilikuwa paa jipya. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alisimama kichochoroni na ndoo tupu mkononi akasema, "Fumua, mwanangu, fumua." Moto ulifika kwenye ule uwazi ukakosa pa kushika. Tangu siku hiyo, kila ninapofundisha nauliza: katika mtaa wenu, fundi wa makuti ni nani na ngazi iko kwa nani?

Kaunti ina wajibu wa kuitia nguvu ile saa ya kwanza, ambayo siku zote ni ya majirani. Iwape vifaa, iwafunze, na iwalipe bima wale wanaojitolea.

Pesa za dharura zipo kweli?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura kwa idhini ya bunge la kaunti. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kutoa pesa humo pale panapotokea haja ya haraka ambayo haikutarajiwa, halafu lazima apeleke jambo hilo bungeni ndani ya miezi miwili. Kuna kikomo: katika mwaka mmoja wa fedha malipo hayo hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa. Tuseme kaunti ilipata shilingi bilioni 4, basi mwisho wake ni milioni 80.

Lililo muhimu ni neno "haikutarajiwa". Mvua ya masika hutarajiwa. Kusi hutarajiwa. Makuti kuungua wakati wa kaskazi hutarajiwa. Mambo hayo yanapasa kutengewa pesa katika bajeti ya kawaida ya idara, mwaka baada ya mwaka. Kaunti ikingoja moto uwake ndipo ifungue hazina ya dharura ili inunue mipira, hapo ujue bajeti haikupangwa.

Boti likizama, nani wa kwanza kufika?

Mvuvi aliye karibu. Imekuwa hivyo siku zote, na kila mpango mzuri huanzia hapo.

Serikali ya kitaifa ina Mamlaka ya Bahari, inayosimamia leseni na usalama wa vyombo, na tangu 2018 ina Huduma ya Walinzi wa Pwani. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini. Lakini kutoka Lamu hadi Kiunga ni mwendo mrefu, na wa kwanza kusikia kelele ni watu wa mashua. Kwa hiyo kaunti inaweza kusaidia kwa kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo tayari vina orodha za wavuvi na vyombo: simu au redio ya upepo katika kila bandari ndogo, mafuta ya akiba kwa ajili ya uokoaji tu, taa kwenye magati. Mvuvi aliyemaliza mafuta yake kumtafuta mtu asiambiwe ahsante tu.

Mkanda, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndio unaotutisha. Mlango ule ni mwembamba na maji yakipwa hauna kina, kwa hivyo manahodha wenye haraka huamua kuzunguka nje ya Manda kwenye bahari kuu. Wakati wa kusi huko nje si mahali pa boti dogo lililojaa. Abiria naye ana haki zake: ana haki ya jaketi okozi lililo zima, na ana haki ya kukataa kupanda chombo kilichozidisha watu. Najua ni vigumu kumkatalia nahodha ambaye ni binamu yako. Mkatalie.

Onyo la hali ya hewa hutufikiaje?

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina mkurugenzi katika kila kaunti. Utabiri wa msimu hutolewa kabla ya masika na kabla ya vuli, na tahadhari fupi hutolewa upepo unapotazamiwa kuzidi noti 25 (noti ni kipimo cha kasi) au mvua ikitazamiwa kuwa kubwa. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, tahadhari za mawimbi na upepo zilitolewa hadi huku kwetu.

Tahadhari ikishatoka Nairobi, kazi ya kaunti ni kuifikisha kwa lugha ya watu. "Noti 25" haimwambii kitu mama anayevuka kwenda shamba. Mwambie kusi litavuma kwa nguvu kuanzia adhuhuri kesho na boti dogo lisitoke, ataelewa. Redio za hapa, vipaza sauti vya misikiti na vikundi vya simu vya wadi vinatosha, ilimradi awepo mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo na anayejulikana. Bila mtu huyo ndipo tunapopata sauti za kusambazwa ovyo, nusu yake za mwaka juzi.

Tsunami inaweza kutufika?

Imeshafika pwani hii. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lililotokea karibu na Sumatra lilituma mawimbi hadi Afrika Mashariki. Safari hiyo ilichukua saa kadhaa, na serikali ikapata muda wa kuwaondoa watu kwenye fuo. Somalia walipoteza watu wengi. Kenya alikufa mtu mmoja, huko Malindi. Baada ya hapo nchi za Bahari ya Hindi ziliunda mfumo wa pamoja wa kutoa tahadhari.

Sisi tulio wana wa bahari tuna kipimo chetu pia. Kila mtoto wa Lamu anajua bamvua na maji mafu. Ukiona maji yanakupwa kwa kasi wakati ambao si wa kupwa, usishuke kuokota samaki. Panda juu: kilimani, au ghorofa ya juu ya nyumba imara ya mawe. Kaa huko mpaka uambiwe, maana wimbi la kwanza huenda lisiwe kubwa kuliko yote.

Barabara ya Garsen ikikatika Lango la Simba, kaunti inafanya nini?

Haiwezi kuitengeneza, barabara ile ni ya serikali ya kitaifa. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, magari yalikwama na Lamu ikabaki kama kisiwa kizima, bara na visiwa pamoja. Iliyo mikononi mwa kaunti ni akiba: dawa, damu, oksijeni na mafuta ya ambulensi ya kutosha kabla ya mvua kuanza. Na iwe imeshakubaliana na wenye boti na ndege za Manda jinsi mgonjwa mahututi atakavyosafirishwa, na nani atalipa. Makubaliano hayo yakiandikwa Septemba, Novemba hakuna wa kubishana juu ya kitanda cha mgonjwa.

Ukame nao ni dharura? Huwa hauna kelele.

Ni dharura, tena ndiyo inayotuchelewesha kwa sababu haina kelele. Lamu ni mojawapo ya kaunti 23 za maeneo makavu zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Taarifa yao ya kila mwezi husema kaunti iko hatua gani, kuanzia hali ya kawaida, kisha tahadhari, hadi dharura. Kaunti ikishaambiwa "tahadhari" haina udhuru wa kungoja ng'ombe wa Witu waanze kuanguka.

Visiwani tuna majabia, yale mabwawa ya saruji ya kukinga mvua. Jabia lenye ufa ni maji yaliyopotea kabla mvua haijanyesha, na kuliziba ni kazi ya wiki moja kwa fundi na mifuko ya saruji. Mji wa Lamu wenyewe unakunywa maji yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kila anayejenga juu ya vilima vile anajenga juu ya mtungi wetu. Nalisema hili kila mahali na sitachoka.

Kisha ukame huleta lingine. Mwaka 2004 Lamu ilipatwa na chikungunya, homa ya kuvunja viungo. Jina hilo latokana na lugha ya Kimakonde, kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza miaka ya 1950; maana yake ni kukunjika. Watafiti waliopima damu za watu wa mji wetu walikadiria kwamba watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Baada ya hapo mlipuko ukafika Mombasa, Ngazija na visiwa vingine vya bahari yetu. Na ulianza vipi? Mvua ilikuwa haba, watu wakaweka maji majumbani ndani ya mitungi na mapipa yasiyofunikwa, na mbu anayeuma mchana akapata pa kuzalia.

Wazee wetu walilijua tatizo hili. Katika birika la chooni walifuga samaki wadogo ili wawale viluwiluwi wa mbu, na sakafuni mwake wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Mimi nimelelewa katika nyumba yenye birika la namna hiyo, na utotoni nikidhani samaki ni wa kuchezea. Afisa wa afya wa kaunti akija kukagua mitungi yako wakati wa ukame, mkaribishe. Anazuia mlipuko.

Na mashambulizi?

Ulinzi ni wa serikali ya kitaifa. Baada ya Mpeketoni, Juni 2014, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa, hakuna anayehitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Kaunti inahusika na majeruhi, ambulensi, maji na vyoo mahali wanapokusanyika waliokimbia, na ushauri nasaha baadaye. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na bado kuna watoto wa wakati ule, sasa watu wazima, wanaoamka usiku.

Nyumba yangu imeungua. Kaunti italazimika kunijengea?

Usiahidiwe hivyo. Kwa kawaida kinachotolewa ni msaada wa kwanza: chakula, mablanketi, vyombo, pengine mabati na mbao. Jiandikishe siku hiyo hiyo kwa chifu na kwa msimamizi wa wadi, piga ripoti polisi upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na upige picha za mabaki kabla hayajafagiliwa. Nambari ile itakusaidia kupata upya kitambulisho na vyeti. Orodha ya waathiriwa ibandikwe hadharani, msikitini au ofisini kwa chifu, ili kila mtu aone nani ameandikwa na nani hakuandikwa.

Vipi wazee, wajawazito na walemavu?

Kila mtaa uwe na orodha fupi: nani hawezi kushuka ngazi mwenyewe, nani anatumia oksijeni, nani yuko karibu kujifungua. Wahudumu wa afya wa jamii wanazijua nyumba hizo moja moja. Karibu na kila jina liandikwe jina la jirani aliyekubali kumbeba. Kazi hii haina gharama isipokuwa karatasi.

Nitajuaje kama kaunti imejiandaa?

Iulize kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Uliza pampu ni ngapi na ziko wapi, zilijaribiwa lini mara ya mwisho, nani ana ufunguo usiku. Barua ya sentensi nne yatosha.

Kisha nenda kwenye vikao vya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukija Juni kulalamika, hesabu zimeshafungwa. Kinamama wengi huniambia vikao huwekwa wakati wa kupika. Liandikeni hilo pia, na mpeleke kwa mwakilishi wadi wenu.

Nipige simu wapi, na niseme nini?

Polisi na dharura zote: 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya: 1199. Nambari ya zimamoto na ya ambulensi ya kaunti iombe leo kwa msimamizi wa wadi, uiandike ukutani kwa kalamu nene, si ndani ya simu peke yake, kwa maana simu huzima.

Ukipiga, anza na mahali. Hapa mjini hatuelekezani kwa nambari za nyumba, kwa hiyo taja mtaa, kisha msikiti ulio karibu, kisha upande: kiblani, pwani au juu. Sema ni nini kimetokea na watu wangapi wameumia. Usikate simu mpaka uulizwe yote. Halafu mtume kijana anayezijua njia akasimame gatini na tochi, awapokee wanaokuja na kuwaongoza, maana mgeni akiingia vichochoro vyetu usiku peke yake atatokea upande wa pili wa mji.